Nani Anakipa Kitabu Namba?

Ndugu msomaji, wewe unayeandika usiku kwa mwanga wa chemli umeme ukikatika, hebu nikuulize. Siku riwaya yako ikichapwa, ikauzwa mitaani, ikaisha, halafu ikapita miaka thelathini, nani atakuwa nayo? Mpwa wako? Au muuza karanga, kurasa kazigeuza vifungashio?

Mie sikuwahi kujiuliza swali hili mpaka nilipopata kibarua.

Nilimaliza kidato cha sita na matokeo ambayo mama yangu mpaka leo hayataji mbele ya wageni. Nikakaa nyumbani, nikaandika nusu ya riwaya katika kaunta buku mbili, nikatafuta kazi, nikakosa. Mwishowe mjomba akaniunganisha na maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni kurudisha vitabu kwenye rafu. Asubuhi unakabidhiwa toroli limejaa, unasoma namba iliyobandikwa mgongoni mwa kila kitabu, unakipeleka mahali pake. Malipo kwa siku. Ukitoa nauli na sahani ya ubwabwa, kinachobaki hakihitaji pochi.

Niliwekwa chini ya mkutubi wa lugha na fasihi, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Wengi wetu tunadhani mkutubi ni yule wa mezani anayegonga mhuri na kutuambia tunyamaze. Kumbe katika maktaba ya chuo kikuu kila fani ina mkutubi wake. Wa sheria yupo, wa udaktari yupo, wa fasihi yupo. Huyo ndiye anayesoma orodha za wachapishaji na kuamua kipi kinunuliwe kwa fedha kiduchu zilizopo. Ndiye anayebishana na wahadhiri, maana kila mhadhiri anadhani somo lake ndilo lililoshika dunia. Ndiye anayekaa na mwanafunzi anayetapatapa na tasnifu akamwonyesha pa kuanzia. Ndiye pia anayeamua kitabu gani kiondoke rafuni ili kingine kipate nafasi. Kazi hiyo ya mwisho haina shukrani, wala hakuna anayeitazama ikifanyika.

Wiki ya tatu tangu nianze, uongozi ulitaka stoo ya ghorofa ya chini iachwe wazi kwa ajili ya meza za kompyuta. Kila kisichokuwa na namba kilitakiwa kiwe kimetoka ifikapo Ijumaa, mnunuzi wa karatasi chakavu angekuja na pikapu. Nikatumwa kubeba. Ndani ya yale maboksi, msomaji wangu, nilikuta vitu! Riwaya za upelelezi zenye majalada ya rangi kali, bastola huku na mrembo kule, za wakati wa kina Eddie Ganzel, Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Vijitabu vya mashairi vilivyopigwa taipu. Majarida ya vijana yaliyobanwa kwa pini mbili, kama hili ulilolishika, mengine toleo la kwanza na la mwisho likiwa ndilo hilohilo.

Nikapanda ngazi mbio.

"Shikamoo mama. Hivi vya stoo ni vya kutupwa kweli? Mbona ni vya kwetu?"

"Marahaba. Havina namba, mwanangu."

"Kwa nini havina?"

"Kwa sababu hakuna aliyekaa chini akavipa." Akavua miwani. "Kitabu kisicho na namba ni kama mpangaji ambaye hayumo kwenye daftari la mjumbe. Yupo, lakini hayupo. Ukija kumuulizia, utaambiwa hatumjui."

Kisha akafungua droo, akatoa karatasi kadhaa za fotokopi zilizokunjika pembe. "Nenda kasome habari za huyu mwanamke. Kesho tutaongea."

Nilisoma usiku kucha. Ninayokusimulia sasa ndiyo niliyoyakuta humo, pamoja na mengine niliyoyachimba baadaye.

Dorothy Porter alizaliwa mwaka 1905 huko Warrenton, jimbo la Virginia nchini Marekani, akakulia Montclair, New Jersey, mtoto wa daktari. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo kilichoanzishwa mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo, ambacho kiliwapokea watu Weusi wakati vyuo vingi vilikuwa vimewafungia milango. Alipata shahada yake mwaka 1928. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 25, umri wetu huuhuu, akapewa kazi ya kuujenga mkusanyo wa vitabu vya watu Weusi katika maktaba ya chuo hicho.

Kulikuwa na mtaji, ila haukuwa na mpangilio. Mwaka 1873 Lewis Tappan, mpinzani wa utumwa, alikuwa amekipa chuo maandishi yapatayo 1,600 yaliyoupinga utumwa. Mwaka 1914 Jesse Moorland, mchungaji aliyekuwa pia katika bodi ya chuo, akatoa maktaba yake ya nyumbani, vitabu na nyaraka zaidi ya 3,000. Wakutubi wanawake wanne waliomtangulia Dorothy walikuwa wameanza kuvipanga, naye hakuacha kuwataja. Lakini kazi kubwa ilikuwa bado inamsubiri, na kikwazo cha kwanza kilikuwa namba.

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, la sivyo hutaona uzito wa jambo lenyewe. Namba hizo za mgongoni zilibuniwa na Melvil Dewey, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya Amherst College. Alizichapa mwaka 1876 akiwa na miaka 24. Aliugawa ujuzi wote wa binadamu katika mafungu kumi, kila fungu likagawanywa kumi, na kila kumi likagawanywa tena. Ni werevu mkubwa, siukatai. Kabla ya hapo maktaba nyingi zilikuwa zikikipa kitabu mahali maalumu rafuni, vitabu vipya vikija ni vurugu. Kwa namba za Dewey, kitabu kinafuata somo lake popote rafu itakapohamia.

Lakini anayegawa vyumba vya nyumba ndiye anayeamua nani alale sebuleni na nani alale ukumbini. Fungu la 200 ni la dini. Katika mpangilio ule, sehemu kubwa ya fungu hilo ilikwenda kwa Ukristo, dini nyingine zote za dunia zikasukumwa kwenye 290, na Uislamu na mabilioni ya waumini wake ukakaa 297. Fungu la 800 ni la fasihi. Waingereza wana 820 yote, Wajerumani 830, Wafaransa 840, Waitaliano 850, Wahispania 860. Kilatini na Kigiriki, kila kimoja kumi lake. Lugha nyingine karibu zote za dunia zimebanana katika 890. Sisi tuko 896, pamoja na bara karibu zima, na fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Shaaban Robert, Kezilahabi, Penina Muhando, Said Ahmed Mohamed, wote wamepanga chumba kimoja nyuma ya nukta. Dewey mwenyewe hakuwa malaika. Klabu aliyoianzisha Lake Placid iliwakataza Wayahudi na watu Weusi kuingia, na mwaka 2019 chama cha maktaba cha Marekani kiliamua kuliondoa jina lake kwenye medali yake.

Sasa turudi kwa Dorothy. Alipotazama maktaba nyingine zinavipanga vipi vitabu vilivyoandikwa na watu Weusi, alikuta namba mbili. Ya kwanza ni 326, utumwa. Ya pili ni 325, uhamiaji na ukoloni. Basi. Ukiwa Mweusi ukaandika chochote, utaingizwa humo. James Weldon Johnson alikuwa mshairi, na kila msomaji wa Marekani alijua ni mshairi, lakini kitabu chake cha mashairi kiliwekwa 325. Hebu fikiri. Umeandika shairi la mapenzi, umelala njaa kwa ajili ya vina, halafu mtu asiyekusoma anakupeleka kwenye rafu ya wahamiaji.

Mimi nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Kumbe mtu anaweza asikichome kitabu chako, asikipige marufuku, asikitukane. Anakiweka tu mahali ambapo hakuna atakayekitafuta, na yeye anarudi nyumbani akiwa na dhamiri safi.

Dorothy aliikataa amri ile. Hakuitisha maandamano, alikaa na kalamu yake. Kitabu cha mshairi Mweusi akakiweka kwenye ushairi. Cha muziki kwenye muziki, cha uchumi kwenye uchumi, cha tiba kwenye tiba, chini ya jina la mwandishi wake. Kwa kufanya hivyo alisema jambo ambalo halikuwa limesemwa rafuni, kwamba watu hawa wamo katika kila fani ya maisha, na utumwa ni sura moja ya historia yao. Wakati huohuo alikuwa akijisomesha. Mwaka 1931 na tena 1932 alipata shahada za ukutubi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanamke Mweusi wa kwanza kuzipata hapo. Shule yenyewe ilitokana na ile aliyoianzisha Dewey mwaka 1887. Yaani aliisomea nyumba ya mzee, kisha akaenda kuhamisha samani zake.

Fedha hakuwa nazo. Aliwaandikia wachapishaji na wauza vitabu akiomba nakala za bure. Mtu maarufu akifariki, alikwenda kwa wafiwa kuomba barua, picha na daftari kabla ndugu hawajasafisha nyumba na kutupa kila kitu. Aliingia kwenye vyumba vya chini na kwenye madari yenye vumbi. Tunaambiwa historia huandikwa na washindi. Huenda. Lakini kabla ya kuandikwa hulazimika kuokotwa, na anayeokota hurudi na vumbi kwenye nguo.

Mwaka 1946 akakipata kisa kilichonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Chuo kilitaka kuununua mkusanyo wa mwanasheria Arthur Spingarn, uliojaa maandishi ya watu Weusi wa Marekani, Kuba, Haiti na Brazili, na hata ya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Dorothy aliijua thamani yake. Mhazini wa chuo akakataa kuitegemea tathmini yake, akataka mtu wa nje. Akaletwa mtathmini kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani. Bwana yule akatazama, akakiri kwamba hajui lolote kuhusu vitabu vya watu Weusi, akamwomba Dorothy aiandike ripoti yeye mwenyewe, naye ataipeleka. Dorothy akaandika. Mhazini akaipokea akidhani ni kazi ya yule mgeni Mzungu, akaridhika. Maneno yaleyale, ujuzi uleule, mkono uliobadilika ni wa kuikabidhi tu.

Kwa sisi wa majarida madogo kuna jambo jingine la kumshukuru. Mwaka 1936 alichapisha makala kuhusu vikundi vya fasihi vya watu Weusi wa kati ya mwaka 1828 na 1846, na mwaka 1971 akatoa kitabu kikubwa cha maandishi yao ya mwanzo, kuanzia 1760 hadi 1837. Watu wale walikutana Philadelphia, New York na Boston wakati utumwa ungali halali sehemu kubwa ya nchi yao. Walichanga senti, wakakodi chumba, wakanunua vitabu, wakasomeana insha, wakachapa vijitabu vya kurasa chache na hotuba za mikutano yao. Vikundi kama chetu, jamani! Vijitabu kama hivi vyetu vya pini mbili! Tunajua walikuwepo kwa sababu kuna mtu alikataa kuviita takataka.

Miaka ya 1962 hadi 1964 alikuwa Lagos akisaidia kuijenga maktaba ya taifa ya Nigeria. Alistaafu Howard mwaka 1973, akiwa ameutumikia mkusanyo ule miaka 43. Leo unaitwa Moorland-Spingarn, kwa majina ya wanaume wawili waliotoa na kuuza. Mwenyewe alifariki Desemba 1995 akiwa na miaka 90.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika maktaba macho mekundu. Mama akaniangalia, akajua nimesoma.

"Haya," akasema. "Leo tunafunga saa kumi na mbili. Mimi nitabaki mpaka saa tatu. Wewe je?"

Nikabaki. Kukipa kitabu namba si kazi ya dakika moja kama nilivyodhani. Unatafuta mwandishi ni nani, maana wengine wamejiita majina ya utani. Unatafuta mwaka, na vingi havina mwaka. Unaandika kichwa, kurasa, mchapishaji, na mchapishaji wenyewe pengine ni duka la vifaa vya shule lililokufa zamani. Tukahesabu. Kwa kasi yetu tungeweza kuviokoa vitabu arobaini, tukijitahidi sana arobaini na vitano. Kwenye maboksi vilikuwamo karibu mia tatu.

"Chagua," akaniambia.

"Mie, mama?"

"Wewe si ndiye uliyekuja mbio? Mimi naandika, wewe niletee."

Basi nikachagua. Na hapa, msomaji, ndipo nilipouona ugumu wa kazi hii ambao hakuna fotokopi iliyoniambia. Kumlaumu Dewey ni rahisi ukiwa umekaa. Niliziokoa riwaya nilizozipenda. Niliokoa majarida yenye majina niliyoyajua. Kulikuwa na kijitabu kimoja chenye jalada la kijani, hadithi za msichana aliyefanya kazi za ndani Upanga, kimejaa makosa ya taipu. Nilisoma ukurasa mmoja, nikaona Kiswahili chake kinakwaruza, nikakiweka upande wa kwenda. Sikumchukia. Nilikuwa na haraka, na niliona anaandika vibaya. Sekunde ishirini hivi, hazikuzidi.

Tulivipa namba arobaini na moja. Ijumaa pikapu ikaja.

Miezi miwili baadaye, kibarua changu kikiwa kinakaribia kwisha, akaja dada mmoja mwanafunzi. Alikuwa anatafiti maisha ya watumishi wa nyumbani katika maandishi ya Kiswahili. Alikuwa na orodha, kaitengeneza kwa kuulizauliza wazee wa mitaani. Mbili tulikuwa nazo, nilimletea mwenyewe, namba zikiwa bado zinang'aa mgongoni. Akafurahi. Kisha akaweka kidole kwenye jina la tatu, akaniuliza kama ninakifahamu, kina jalada la kijani.

"Hamna," nikamwambia.

Sikumweleza zaidi. Ningemweleza nini? Mama alikuwa mezani pake, alisikia, hakuinua kichwa. Jioni wakati wa kufunga aliniambia tu kwamba katika miaka yake yote pale, kila mkutubi ana kitabu chake cha kijani, na asiye nacho ni kwamba hajaulizwa bado.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini siandiki riwaya siku hizi kwa kiburi kilekile. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba kitabu kizuri hujitetea chenyewe. Hakijitetei. Kinatetewa na watu wenye majina, wanaolipwa kidogo, wanaochoka saa tatu usiku, wanaokosea. Dorothy Porter alikuwa mmoja wao, na sishangai kama naye aliwahi kuacha kitu nyuma darini.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu tunaoandika pamoja humu. Ukichapa kitu, hata kurasa kumi na sita, andika juu yake jina lako la kweli, mwaka na mahali. Peleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, ndivyo sheria inavyomtaka mchapishaji. Kisha chukua nakala nyingine, panda daladala uende chuo kikuu kilicho karibu nawe. Usiiache getini wala mapokezi. Uliza mkutubi wa fasihi ni nani, umwamkie, umpe mkononi, usubiri mpaka uone ameiweka upande upi wa meza.

Riwaya yangu imefika kaunta buku ya tatu. Mhusika wa pili sasa ni msichana wa kazi, Upanga. Namwandika polepole, maana Kiswahili chake kinanishinda.